Haraka Haina Hina

Waridi la kwanza nililochora lilitoka na mdomo na mkia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeketi kwenye mkeka nyumbani kwa shangazi, koni ya hina mkononi, na mdogo wangu amenyoosha kiganja kama mtu anayengoja kupewa kitu. Usiku ule niliwaza nitakavyochekwa kwa lile ua lililogeuka kuku. Asubuhi shangazi akakishika kile kiganja, akakielekeza dirishani, na juu ya kuku hakusema neno. Aliuliza tu: "Mlibandika saa ngapi, mkabandua saa ngapi?"

Tulibandika saa tatu usiku. Saa nne tulikuwa tumeshanawa, usingizi umetushika. Rangi ilikuwa kama doa la chai ya maziwa kwenye shuka.

"Basi hapa hapana hina," akasema. "Hapa pana kuku tu."

Ukitaka kuanza kuchora hina nyumbani, watu watakuonyesha maua. Watakupa picha za mikono ya mabibi harusi iliyojaa mpaka kwenye kiwiko, nawe utakata tamaa kabla hujafungua paketi ya unga. Achana nazo kwanza. Mkono utazoea wenyewe, wiki mbili tatu tu. Kinachowaponza wanaoanza ni saa: saa za kuilaza hina bakulini, saa za kuiacha mwilini, saa za kuiepusha na maji, na siku za kungoja iive. Ukizipata hizo, hata ukichora kuku atakuwa kuku aliyekolea.

Inasaidia kujua kinachotokea. Majani ya mhina yana rangi iitwayo lausoni, ambayo imefungwa ndani ya jani. Ukisaga jani na kulilowesha kwa kitu chenye uchachu kama ndimu, ile rangi inaachiliwa kidogo kidogo. Ikigusa ngozi inajishika na keratini, ile protini ya ngozi ya juu, kucha na nywele. Ndiyo maana hina haifutiki kwa sabuni. Inaondoka ngozi yenyewe inapochakaa na kubanduka, kwa kawaida baina ya wiki moja na tatu. Na ndiyo maana viganja na nyayo hushika kuliko pengine popote, kwa kuwa ngozi yake ni nene. Ukipanda kuelekea mkononi rangi inapungua, na begani au shingoni hupati zaidi ya rangi ya chungwa. Anzia kiganjani. Patakufurahisha mapema.

Unga

Ukiingia Markiti ya Mombasa, Darajani ya Unguja au Kariakoo, hina ziko za kila namna, nyingi zimetoka India, Pakistan, Yemen na Sudan. Sojat, mji wa Rajasthan huko India, umejijengea jina kwa zao hili peke yake. Kuna unga wa nywele na unga wa mwili. Wa nywele haukusagwa laini, una vijiti na chenga. Ukiutia kwenye koni utaziba kila dakika, nawe utalaumu mkono wako bure. Ulizia unga wa mwili, uliochekechwa sana.

Unga mzuri ni wa kijani kama majani makavu ya mlonge, na ukinusa unakumbuka nyasi zilizofyekwa jana. Ukiwa wa kahawia, umezeeka au umepigwa jua dukani. Ukiwa wa kijani kinachong'aa kupita kiasi, shuku kwamba umetiwa rangi. Muuzaji anayeweka paketi zake kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana simnunulii, hata anipunguzie bei. Unga unaopata baridi na giza hukaa muda mrefu. Wangu nauweka kwenye friza, ndani ya chupa iliyofungwa.

Hata unga wa mwili nauchekecha tena nyumbani. Soksi nyembamba ya nailoni inafaa kuliko chekecheke: tia unga ndani, funga, gonga gonga juu ya bakuli. Utashangaa yanayobaki.

Wenye mhina uani wana bahati ya namna nyingine. Majani mabichi yakitwangwa kwenye kinu na ndimu kidogo hutoa hina nzuri ya kucha, ncha za vidole na nyayo, kama mabibi zetu walivyojipaka kabla ya koni kufika. Lakini kwa maua membamba haifai, maana haipenyi tundu la sindano. Ukitaka unga wako mwenyewe, kausha majani kivulini, si juani, kisha twanga na kuchekecha mara tatu nne. Ni kazi. Mimi niliifanya mara moja, nikaheshimu bei ya duka.

Koni zilizotengenezwa tayari, zile za makasha ya picha za mabibi harusi wa Kihindi, naomba uziache. Hina iliyokandwa ni kitu kinachokufa: kwa joto letu hudumu siku moja, pengine mbili, kisha nguvu yake inakwisha. Sasa koni iliyosafiri kwa meli, ikakaa ghalani, ikakaa dukani miezi minane na bado inatoa rangi, ndani yake mna kitu kingine kinachofanya kazi hiyo, na kwenye kasha hakikuandikwa.

Kukanda

Usianze na kilo. Gramu 25 za unga zinatosha koni nne ndogo, na koni nne ni mikono mingi kwa mtu anayejifunza. Tumia bakuli la kioo au la plastiki. Tia unga, kijiko kimoja cha chai cha sukari, kisha maji ya ndimu au limau yaliyochujwa. Chuja kweli, kipande cha nyama ya ndimu kidogo kama chawa kinaweza kukuzibia koni katikati ya ua. Anza na mililita 50 hivi, koroga mpaka madonge yaishe, uwe na kitu kizito kama viazi vilivyopondwa.

Sukari haitii rangi. Kazi yake ni kuifanya hina inate, ishike ngozi bila kupasuka na kudondoka ikikauka. Ikizidi, hasa miezi ya unyevu, hina haikauki na asubuhi utaikuta kwenye mto.

Halafu mafuta. Wachoraji hutia mafuta makali ya mimea, yale yanayopatikana kwa mvuke, kwa sababu yanaisaidia rangi kukolea. Kwa gramu 25 za unga kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ya lavenda ndiyo ya upole kuliko yote. Ya mkaratusi yanafaa, ila usiyatumie kwa watoto wadogo wala mtu mwenye pumu. Ya karafuu, najua, kila mtu wa Unguja na Pemba atakuambia ndiyo yenyewe. Harufu yake ni harufu ya nyumbani. Lakini yanaunguza ngozi na huweza kuleta mzio, na kijiko kizima kwenye bakuli dogo ni kingi mno. Mimi siyatii. Kwa mjamzito na kwa mtoto naacha mafuta yote, nabaki na ndimu na sukari. Rangi inapungua kidogo, usingizi wangu haupungui. Kuna wanaotia mafuta ya taa, hata petroli, ati rangi ishike haraka. Hayo ni ya jiko na gari.

Mwenye ngozi inayokauka au kuwashwa na ndimu anaweza kukandia chai ya rangi iliyochemka sana na kupoa. Inatoa rangi, polepole zaidi.

Bandika karatasi ya plastiki juu ya ile hina ndani ya bakuli, iguse kabisa hewa isiingie, kisha ifunike na uilaze. Hapa ndipo saa za kwanza zinapoanza, na hakuna jibu moja. Kaskazi, Januari na Februari, jikoni kwangu Mombasa saa sita zinatosha. Kusi, Julai, naipa saa kumi hata kumi na mbili. Jamaa zangu walioko London huilaza usiku mzima na mchana wake, karibu na bomba la joto. Usiiweke juani wala jikoni juu ya moto ukidhani unaiharakisha. Joto likizidi, rangi inatoka yote kwa mpigo na kuisha.

Namna ya kujua iko tayari: juu itakuwa imegeuka kahawia wakati ndani bado kijani. Chukua tone, libandike kiganjani dakika tano, lifute. Ukiona chungwa linalong'aa, iko tayari. Ukiona kivuli tu, funika urudi baadaye. Ikiwa tayari, iongeze ndimu kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, mpaka ukiinua mwiko inashuka kama utepe usiokatika, kama mtindi uliokorogwa vizuri. Ikidondoka kwa matonge, bado nzito. Ikitiririka, umeizamisha, ongeza unga kidogo uilaze tena.

Koni

Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania Bara kufuata 2019, wachora hina tumekuwa waokota karatasi. Ile selofeni inayofungiwa maua na zawadi ndiyo bora. Kata kipande cha mstatili, sentimita 12 kwa 17 hivi. Shika katikati ya upande mrefu kwa kidole, kunja pembe moja kuelekea ndani, zungusha kama anayefunga njugu kwa karatasi barabarani, mpaka ncha iwe kali bila tundu. Bandika gamu ya karatasi kuanzia nchani hadi juu, pasiachwe mwanya. Koni zako tatu za kwanza zitavuja. Ya nne haivuji.

Jaza hina kwa kijiko au kwa mfuko uliokatwa kona, isizidi theluthi mbili, kunja juu kama dawa ya meno inavyokunjwa na ubandike. Ncha ikate kwa mkasi mdogo wa kucha, kidogo mno, chini ya unavyodhani inatosha. Tundu kubwa halirudi. Weka pini yenye kichwa karibu; ndiyo kizibo chako unapopumzika na ndiyo dawa ya kuziba.

Na ikiziba, usikamue kwa nguvu. Mimi nilikamua. Koni ilipasuka kwa nyuma, ikarusha hina kwenye ukuta mweupe wa sebule, usiku wa kuamkia ugeni. Ukuta ule ulipakwa rangi mara mbili na bado ukiupiga mwanga wa jioni utaona kitone. Funika unapofanyia kazi kwa kanga kuukuu, na usivae unachokipenda.

Mkono

Kabla ya kuchora mtu, chora kitu. Funika picha ya maua kwa karatasi ya plastiki inayoonyesha, fuata mistari kwa koni, futa, rudia. Hina ni ghali kwa zoezi hili. Uji wa unga wa ngano uliotiwa majani ya chai yaliyosagwa laini unakwenda vilevile. Dakika ishirini kila jioni ni bora kuliko siku nzima ya Jumapili.

Siri ya mstari ni kwamba hauandikwi, unalazwa. Ukigandamiza ncha kwenye ngozi kama kalamu, utapata mstari uliokwaruzwa na mapengo. Inua ncha milimita mbili tatu juu ya ngozi, kamua kwa kidole gumba toka juu ya koni, uache uzi ushuke, na mkono wako uuongoze tu. Mkono wa kuchorea uegeshe kwenye meza au juu ya mkono wa pili. Mkono unaoelea hutetemeka. Unapofika mwisho wa mstari, acha kukamua kabla hujainua, la sivyo utabaki na mkia. Hapo ndipo kuku wangu alipotokea.

Mazoezi yenyewe ni machache: tone, mstari, upinde, jani. Tone likivutwa upande mmoja ni jani la ua. Matone matano kuzunguka tone ni ua. Mstari wa mawimbi wenye majani huku na huku ni mzabibu, na mzabibu ukipita kutoka kidole cha shahada kushuka kiganjani hadi kwenye kifundo, watu watakuuliza nani kakuchora. Kwa wasioweza hata hayo, kuna pambo la kale lisilozeeka: duara moja katikati ya kiganja, lijazwe, na ncha zote za vidole zichovywe mpaka pingili ya kwanza. Halina pa kukosea.

Ukosee popote, kijiti cha pamba chenye mafuta kidogo, papo hapo. Dakika mbili ukichelewa, kosa limeshaingia.

Mitindo utaichagua baadaye. Wa Kihindi umejaa kama kitambaa cha lesi, wa Khaliji una maua makubwa yaliyoacha nafasi yakikata mkono kwa mshazari, wa Sudani una mistari minene iliyokolea, na wa Moroko una pembe na miraba. Pwani yetu imekula kila sahani. Desemba 2024 UNESCO iliingiza hina kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya nchi 16 za Kiarabu, Oman, Yemen na Sudan zikiwamo. Lamu, Mombasa na Unguja hazimo. Nilinuna siku hiyo. Kisha nikakanda hina, maana kulikuwa na harusi.

Usiku

Ngozi iwe safi na kavu. Osha kwa sabuni, sugua kwa dodoki, nyayo kwa jiwe, usipake mafuta yoyote. Kama mtu anasingwa, singo na liwa, yale ya manukato ya kusugulia mwili, vije kwanza, hina baadaye. Singo ikifuata hina itaondoka na kazi yako. Kunyoa nywele za mikono na miguu nako kutangulie, siku moja kabla.

Kwa wanaoswali, hina na udhu vina mpango wake, na nashangaa waelekezaji hawausemi. Rangi iliyoingia ngozini haizuii maji. Gamba la hina ndilo linalozuia, kwa hiyo lazima liondoke kabla ya kutawadha. Ndiyo sababu bora ya kuchora baada ya Isha: ukianza saa mbili na nusu usiku, ukamaliza saa tatu, una saa saba hadi kuamka kwa Alfajiri, na hizo ndizo saa ambazo ngozi inazihitaji. Wanawake wengi pia huzingoja siku ambazo hawaswali, wakaiacha hina itulie mchana na usiku bila presha ya maji. Bibi zetu walipanga hivyo bila kuandika popote.

Hina ikianza kukauka, baada ya nusu saa hivi, chovya pamba kwenye maji ya ndimu yenye sukari, uibonyeze polepole juu yake. Usilowanishe. Fanya mara mbili tatu mpaka iwe inanata. Kisha funga kwa karatasi laini ya chooni, na juu yake soksi au kitambaa. Joto la mwili litafanya kazi usiku. Usifunge kwa plastiki tupu, jasho litayaunganisha maua yote kuwa ziwa moja.

Alfajiri usinawe. Kwangua kwa upande butu wa kisu, au sugua mikono kwa mafuta ya nazi mpaka magamba yaanguke. Maji yakae mbali kadiri unavyoweza, saa kumi na mbili nzima ikiwezekana. Anayetawadha apake mafuta mepesi ya nazi kabla, maji yapite, akaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua. Vyombo, siku hiyo, vioshwe na mwingine. Ukiishi na watu wasiokubali hoja hii, chora mkono mmoja mmoja.

Sasa utatazama kiganja na kuona rangi ya chungwa, na hapo wengi hulia. Ngoja. Jioni itakuwa ya tofali. Kesho yake, saa 24 hadi 48 tangu kubandua, ndipo inapofika kileleni: kahawia nyekundu, na nyayoni damu ya mzee. Hewa ndiyo inayoikoleza, na hakuna njia ya kuipita.

Kutokana na hilo, hesabu ya sherehe inakwenda kinyumenyume. Ndoa ni Ijumaa jioni? Bibi harusi achorwe Jumanne usiku, abandue Jumatano alfajiri, na Ijumaa atakuwa amekolea. Anayechorwa Alhamisi usiku anaolewa na mikono ambayo haijakolea, na picha hazisahau. Hina ya Idi ina mtihani wake, mwezi. Ukingoja mwandamo utangazwe ndipo ukande, umechelewa. Mimi huchora usiku wa kuamkia tarehe 28 Ramadhani. Mwezi ukiandama kwa 29 nina siku mbili, ukitimia 30 nina tatu, na vyote viwili ni vyema.

Piko

Utaulizwa piko. Siku ya kwanza kabisa mtu atakayejua unachora atauliza, "Na piko unayo?" Kwetu pwani nyeusi inapendwa: piko inachora mistari, hina nyekundu inajaza ndani, na ukweli usemwe, inapendeza. Sitajifanya haipendezi.

Lakini piko si hina iliyokolea. Ni rangi ya kupaka nywele, na uweusi wake unatoka kwenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Soma paketi yenyewe: inakuambia uvae glavu unapoishika. Sisi tunaichorea mikono. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kwenye ngozi hairuhusiwi. Marekani nako imeruhusiwa kwa nywele tu. Kwenye kikombe cha mchoraji hakuna anayepima. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha madaktari wa mizio ya ngozi kiliitaja PPD kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, na michoro ya "hina nyeusi" ilikuwa sehemu ya kilio chao.

Ubaya wake ni kwamba huweza kukuacha mara tatu, ukajiaminisha, ikakushika ya nne. Binamu yangu alichorwa miguu kwa harusi ya jirani. Siku ya kwanza, maua mazuri. Siku ya tano yalianza kuwasha, ya saba yalikuwa yamevimba na kutoa malengelenge, kila jani na kila tone mahali pake. Ungeweza kulisoma lile ua kwa kidole gizani. Jeraha lilipona, alama nyeupe zikabaki karibu mwaka. Kilichobaki moja kwa moja ni mzio. Mwili ukishaikataa PPD hausahau, na rangi nyingi za kudumu za nywele zinayo. Leo mvi zake anazipaka hina, na kabla ya daktari kumwandikia dawa za jamii ya salfa hutaja habari hii, kwa kuwa mwili unaweza kuzichanganya na PPD.

Kuitambua ni rahisi ukirudi kwenye saa. Hina haiwezi kuwa nyeusi, na haiwezi kukolea kwa saa moja. Kitu chochote kinachokuambia "dakika kumi, nyeusi tii" si mmea. Ukitaka weusi zaidi kwa njia salama, chora mistari minene, chagua nyayo na viganja, na pitia tena mistari ileile usiku wa pili. Inakaribia sana. Na aliyekwisha kupata mwasho au malengelenge aende hospitali, asipakwe ndimu wala asali wala kingine chochote.

Hina safi nayo ina watu isiowafaa, wa kwanza mtoto mchanga. Kuna upungufu wa kimeng'enya uitwao G6PD, wa kuzaliwa nao, ambao umeenea zaidi penye historia ya malaria, pwani yetu ikiwamo. Mwenye upungufu huo akipakwa hina, hasa mtoto mchanga ambaye ngozi yake inapitisha vitu, chembe nyekundu za damu huweza kupasuka, akapata manjano na kuishiwa damu. Nyayo za mtoto wa siku arubaini zinavutia kupaka, najua. Ziache. Na aliyejulikana ana upungufu huo, mkubwa au mdogo, asipakwe. Wengine wote, weka tone nyuma ya sikio, ngoja siku mbili, ndipo uchore. Mjane aliye kwenye eda humchori kwa sababu nyingine: siku hizo hajipambi.

Koni zilizobaki zifunge kila moja kwenye mfuko wake, andika tarehe, uzigandishe usiku uleule. Kwenye friji hudumu siku tatu nne. Kwenye friza miezi kadhaa, na ukizitoa zinayeyuka kwa nusu saa, ila ukishazitoa usizirudishe. Ziweke juu, mbali na watoto. Mpwa wangu aliwahi kuifungua moja mchana wa jua kali, akidhani ni barafu ya ukwaju. Aliitema upesi, lakini kufuta kidevu hakukumbuka, na siku mbili alikwenda madrasa ana ndevu za rangi ya chungwa.